Taa na Maji ya Matumbawe: Niliyojifunza Nikihudumia Matangi ya Dubai

Tumbawe likianza kupauka, mwenye tangi hutazama taa kwanza. Likigeuka kahawia, hulaumu maji. Miaka ambayo nimekuwa nikihudumia matangi ya maji chumvi hapa Dubai, katika zahanati, mikahawa na majumba ya watu, imenionyesha kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume chake, na mara nyingi zaidi taa na maji vimeshirikiana kulifikisha tumbawe pale lilipo. Ukigusa taa umeyagusa maji. Ukisafisha maji umeigusa taa. Ningepewa nafasi ya kumwambia jambo moja tu mtu anayenunua tangi lake la kwanza, ningemwambia hilo.

Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu matumbawe yamo ndani ya kuta za nyumba za Mji Mkongwe, na wapo waliokuwa wakiyachoma tanuuni kupata chokaa. Nilipomweleza mama yangu mkubwa kwa simu kazi ninayoifanya huku, alinyamaza kidogo kisha akauliza, “Sasa mwanangu, hayo mawe yanakula?” Nikamwambia yanakula, mama, na usiku mengine hunyoosha mikono kutafuta chakula. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wenye matangi ya fedha nyingi, kwa sababu kazi yote inaanzia hapo. Huyo ni mnyama, na lazima ujue anakula nini.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu. Ndani ya nyama yao wanaishi vimwani visivyoonekana kwa macho, ambavyo wanasayansi huviita zooxanthellae. Kimwani ni mpangaji anayelipa kodi kwa chakula: anapewa hifadhi, anapewa hewa ya ukaa na mabaki ya mwenye nyumba, naye anatumia mwanga kutengeneza sukari ambayo sehemu yake kubwa humwendea mwenyeji. Kwa matumbawe mengi ya kina kifupi, hadi asilimia 90 ya nishati hutoka huko. Kwa hiyo unapopandisha au kushusha taa unabadilisha mlo wa mnyama huyo, na mlo ukibadilika, mahitaji yake yote ndani ya maji hubadilika nao.

Nianze na taa, maana ndiyo inayosumbua watu zaidi siku hizi.

Taa za LED zilipochukua nafasi ya mirija ya T5 (mirija myembamba ya fluoresenti) na taa kubwa za metali halaidi, zilileta nafuu ya umeme na uwezo wa kupanga kila rangi peke yake: zambarau ya nanomita 400 hadi 420, buluu ya karibu 450 na 470, nyeupe, nyekundu, kijani. Uwezo huo ni neema, lakini umekuja na tatizo lake. Jicho la binadamu linaona vizuri zaidi kijani, na linaiona buluu hafifu. Tumbawe linaitumia sana buluu, kwa sababu baharini wekundu humezwa na maji ndani ya mita chache za juu, na ukishuka chini kinachobaki kingi ni buluu. Basi mtu anawasha taa yake ya buluu, anaona chumba kina giza, anaongeza nguvu. Anaona bado, anaongeza tena. Yeye haoni kitu, na tumbawe linaungua.

Ndiyo maana kipimo tunachokitumia ni PAR, yaani kiasi cha mwanga kati ya nanomita 400 na 700 ambao mimea na vimwani vinaweza kuutumia, kikihesabiwa kwa maikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Programu za simu zinazopima lux hazifai hapa, kwa sababu lux imepangwa kwa jicho la mtu, na chini ya taa ya buluu inatoa namba ndogo kuliko hali halisi ya tumbawe. Kampuni niliyoanzia kazi ilikuwa na kipimo kimoja cha PAR cha kampuni ya Apogee, na fundi mkuu, mzee kutoka Kerala, alikitunza kuliko simu yake. Kabla hajaruhusu tumbawe lolote kuwekwa, alizamisha kichwa cha kipimo juu ya kila jiwe, katikati na pembeni, akaandika namba kwenye mchoro wa tangi. Mimi nimeendelea na desturi hiyo hadi leo. Kipimo ni ghali, lakini maduka mengine huazimisha, na kikundi cha marafiki wanaofuga kinaweza kununua kimoja wakakizungusha.

Namba ninazofuata ni hizi. Matumbawe laini, Discosoma (yale yenye umbo la uyoga) na zoanthus (yale yanayofanana na vijiua) yanatulia kwenye PAR 50 hadi 120. Yenye mifupa na nyama nene, kama Euphyllia na jamaa zake, 80 hadi 150 inatosha, na mengi huchukia zaidi ya hapo. Acropora na Montipora, yale ya matawi na sahani yenye polipu ndogo, nayaweka kati ya 200 na 350. Juani kwetu saa sita mchana, juu ya maji, mwanga unafikia takriban 2,000, na kuna watu husema, basi 600 ni kidogo. Wanasahau kwamba jua hupanda na kushuka, lina mawingu, lina mawimbi, na maji hujaa na kupwa. Taa ya tangi inasimama palepale kwa saa nyingi bila kupepesa.

Hapo ndipo hesabu ya siku nzima inapofaa. PAR 250 kwa saa 10 ni moli 9 kwa mita ya mraba kwa siku. Ukiongeza saa ziwe 12 bila kugusa nguvu, umefika karibu moli 11. Wengi hawahesabu saa kuwa ni taa. Tangi la hoteli moja lilikuwa na matumbawe yanayopauka polepole, na kila fundi aliyepita alishusha nguvu ya taa kidogo, bila mafanikio. Sababu ilikuwa ratiba: wageni walikaa ukumbini hadi usiku, kwa hiyo taa nayo ikakesha nao. Tulipobakiza saa 8 tu za nguvu kamili, tukaweka saa moja ya kupanda na moja ya kushuka, kisha tukawaachia wageni buluu hafifu sana ya kutazamia, rangi zilirudi bila kubadilisha kitu kingine.

Mwanga ukizidi kile vimwani vinachoweza kukitumia, ule wa ziada haupotei hivihivi. Mitambo ya usanisinuru inazidiwa, inatoa aina za oksijeni zinazochoma seli, na tumbawe hujilinda kwa kuvifukuza vimwani vyake. Weupe unaouona ni mfupa wa chokaa ukionekana kupitia nyama iliyobaki bila rangi. Mnyama bado yu hai wakati huo, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye tangi, kwa sababu wengi hutupa tumbawe lililopauka ambalo lingepona kwa kivuli na chakula.

Kuna mzee mmoja, amezaliwa Pemba na amehamia huku tangu ujana wake, ambaye tangi lake la nyumbani nalipenda kuliko yote. Alikuwa na mirija ya T5 kwa miaka mingi, na Montipora zake zilikuwa pana na za rangi nzuri. Watoto wake wakamnunulia taa mpya za LED. Nilipofika kuzifunga alinisihi, “Kijana wangu, ziwashe zote, nione kazi ya wanangu.” Nikamwambia, “Mzee, leo utaziona dakika mbili tu, kisha nitazishusha. Hawa wamezoea mwanga wa mirija, unaokuja kutoka kila upande. Huu unatoka kwenye nukta chache na unashuka moja kwa moja.” Akanielewa. Tulipima PAR ya mirija kabla ya kuing'oa, jiwe kwa jiwe, kisha tukatafuta asilimia ya LED inayotoa namba ileile au chini yake kidogo. Katikati, chini ya taa, tulihitaji kushuka hadi theluthi ya nguvu. Pembeni kulikuwa na giza, na chini ya kila sahani ya Montipora kukawa na kivuli kikali ambacho mirija haikukileta. Tukazipandisha taa juu zaidi ya maji ili mwanga utawanyike, tukakubali kupoteza nguvu kidogo, kisha tukawa tunaongeza kidogo kila wiki.

Lakini funzo kubwa la tangi la mzee lilikuja baada ya hapo, na halikuhusu rangi. Alikuwa na tabia njema ya kupima alkalini, yaani kiasi cha kabonati na bikabonati majini ambazo tumbawe hujengea mfupa, kila asubuhi baada ya sala. Kadiri tulivyopandisha taa, alkalini ikawa inashuka kwa kasi zaidi kati ya asubuhi na asubuhi. Dozi ileile iliyotosha zamani haikutosha tena. Akanipigia akidhani kemikali zake zimeharibika. Hazikuharibika. Matumbawe yalikuwa yanajenga. Tumbawe lenye mwanga zaidi hutengeneza mfupa haraka zaidi, na mfupa huo ni kalsiamu kabonati: kila alkalini ikishuka digrii 1 ya KH, ndicho kizio chake, kwa ajili ya ujenzi, kalsiamu hushuka takriban miligramu 7 kwa lita. Kama tusingekuwa tunapima, tungeona ncha zinakauka tukasema taa imezidi, tukaishusha, na ukweli ni kwamba mnyama alikosa malighafi.

Tangu hapo sipandishi taa kwenye tangi ambalo mwenyewe hapimi alkalini. Namwambia waziwazi.

Sasa maji. Namba zenyewe hazina siri: chumvi 35 kwa elfu, yaani uzito mahususi wa takriban 1.026, joto nyuzi 25 hadi 26, alkalini kati ya 7 na 9 digrii KH, maana bahari yenyewe iko karibu na 7, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu karibu 1,300, zote mbili kwa miligramu kwa lita. Ninachokijali zaidi ya namba ni utulivu. Tumbawe linaloishi kwenye alkalini 7.5 mwaka mzima hushinda lile linalopelekwa 8, likarudishwa 7, likarushwa 10 mwishoni mwa wiki mwenye tangi anapokumbuka. Nikihitaji kurekebisha, sipiti digrii 1 kwa siku, na nikiweza nafanya nusu yake.

Chumvi hapa Dubai ina mambo yake. Kiyoyozi kinafanya kazi usiku na mchana, hewa ya ndani ni kavu, na tangi la ukubwa wa kati hupoteza lita kadhaa kila siku. Kinachotoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukirudishia maji ya chumvi badala ya maji safi, unapandisha chumvi polepole bila kujua. Boya linalojazia maji safi lenyewe ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa matumbawe mengi kuliko taa ya gharama. Na refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ihakikiwe kwa maji maalumu ya 35 kwa elfu, si kwa maji safi ya sifuri pekee, kwa sababu kifaa kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kikakosea kule juu unakokihitaji.

Maji ya kuanzia nayo yanataka uangalifu. Maji ya bomba hapa yanatokana na bahari iliyoondolewa chumvi, kwa hiyo watu hudhani ni safi kama ya mvua. Yana klorini, yameongezwa madini, na yamelala kwenye tangi la juu ya paa na kupita kwenye mabomba na viungo vya shaba, na shaba ni sumu kwa matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo tunatumia mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba uitwao membreni, na resini baada yake ya kunasa chumvi zilizobaki, hadi kipimo cha yabisi zilizoyeyuka kisome sifuri. Majira ya joto maji ya paani hutoka bombani yakiwa moto, na membreni nyingi za RO haziruhusiwi kupokea maji ya zaidi ya nyuzi 45. Hata kabla ya kufika hapo, maji ya moto hupitisha chumvi zaidi kwenye membreni na kumaliza resini upesi. Fundi mkuu alitufundisha kutengeneza maji alfajiri, kipindi ambacho tangi la paa limepoa, na kuyahifadhi ndani. Jambo dogo, lakini matangi yetu hayakuwa na mwani wa ovyo wa Julai na Agosti kama mengine.

Sasa nije kwenye lile la kusafisha maji kuwa ni kugusa taa. Kulikuwa na zahanati ya meno yenye tangi la zoanthus na matumbawe laini, limekaa muda mrefu bila mkaa wa kuchujia kubadilishwa. Maji yalikuwa na umanjano mwepesi ambao huuoni ukitazama mbele, ila ukitazama kwa urefu wa tangi. Tulipokabidhiwa, mtu mwingine alikuwa ametangulia kuweka mkaa mpya, mwingi, siku chache kabla. Maji yakawa kama hayapo. Na matumbawe yakaanza kufunga polipu na kupauka sehemu za juu. Daktari aliapa hakuna aliyegusa taa, na alisema kweli. Ule umanjano hutokana na mabaki ya mwani na wanyama, nao humeza hasa zambarau na buluu, mwanga uleule ambao tumbawe linautumia. Ukiuondoa kwa siku moja, umeongeza taa kwa siku moja. Tulishusha taa kwa robo, tukaipandisha tena kwa mwezi mzima, na zoanthus zikafunguka. Tangu siku hiyo nikibadilisha mkaa naanza na kiasi kidogo, na nikikuta tangi ambalo halikubadilishwa kwa muda, nashusha taa kabla sijaufungua mfuko wa mkaa.

Hata vumbi la jangwani likitanda juu ya kioo cha taa, au chumvi ikiganda kwenye lenzi, ni kivuli. Futa kila wiki, ili usije ukafuta cha miezi sita kwa mara moja.

Kisha kuna naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki, na hapa nina maoni makali kidogo. Kwa miaka mingi wauzaji walifundisha kwamba maji mazuri ni yale yasiyo na hata chembe ya vyote viwili. Bahari yetu ina virutubisho kidogo kweli, lakini mkondo unaleta chakula bila kikomo. Anayeogelea na miwani ya majini kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, kwenye ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 1994, ataona maji maangavu na atadhani hayana kitu. Aje usiku na tochi aone vijidudu vinavyojaa mbele ya mwanga na matumbawe yamenyoosha mikono. Tangi halina mto huo wa chakula. Ukiondoa naitreti na fosfeti yote, umewanyima vimwani mbolea, na umemnyima mnyama.

Mkahawa mmoja ulikuwa na Acropora nzuri ambazo ncha zake zilianza kuwa nyeupe na kukatika ngozi. Taa PAR 300, si mbaya. Alkalini 11. Naitreti sifuri, fosfeti sifuri, chujio kubwa la chembe za oksidi ya chuma, zinazonasa fosfeti, likifanya kazi mchana na usiku, skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, kubwa kupita mahitaji ya tangi lenyewe. Juu ya mchanga kulikuwa na utando wa kahawia wenye mapovu, dinoflajeleti, ambao hupenda sana maji yaliyonyang'anywa kila kitu. Mwenye mkahawa alitaka tuzidi kusafisha. Nilimwomba anipe nafasi ya kufanya kinyume: tuliondoa chembe za chuma, tukalisha samaki mara mbili zaidi, tukaiacha alkalini ishuke yenyewe polepole hadi 8, na taa tukaishusha hadi 220. Mwanga mwingi, alkalini ya juu na tumbo tupu havikai pamoja: mnyama anasukumwa kujenga mfupa kuliko nyama inavyoweza kuufunika. Naitreti ilipofika miligramu 5 kwa lita na fosfeti 0.05, ncha zilifunikwa tena na utando ukapungua. Siku hizi lengo langu ni naitreti 2 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1, na ikisoma sifuri nahangaika kuliko ikisoma 15.

Ukitumia kipimo kidogo cha fosfeti cha kampuni ya Hanna, soma jina lake vizuri. Kuna kinachoonyesha fosforasi kwa sehemu za bilioni. Namba hiyo uizidishe kwa 3.066, kisha ugawe kwa 1,000, ndipo upate fosfeti kwa miligramu. Nimeona watu wakipigana na fosfeti ambayo haipo, na wengine wakiidharau iliyopo, kwa sababu ya hesabu hiyo tu.

Ugumu wa kazi hii uko hapa: dalili moja ina sababu mbili. Tumbawe la kahawia linaweza kuwa na njaa ya mwanga, likaongeza vimwani ili linase kila chembe. Au linaweza kuwa kwenye maji yenye naitreti nyingi, vimwani vikashiba na kuzaana. Tumbawe lililopauka linaweza kuwa limepigwa na mwanga, au limekosa naitrojeni. Kwa macho huwezi kutofautisha kwa uhakika. Kwa hiyo nikifika kwenye tangi sigusi kitu kabla sijawa na namba za aina zote mbili mkononi. Rangi imepauka na naitreti ni sifuri: naanza na chakula, taa naishusha kidogo tu. Rangi imepauka, naitreti ni 8, PAR ni 400 kwenye jiwe la Euphyllia: naanza na taa. Kahawia na naitreti 40: maji. Kahawia, naitreti 3, PAR 60 kwenye Acropora: taa, polepole, kwa wiki nyingi. Nikishabadilisha kimoja nasubiri. Tumbawe linajibu kwa wiki mbili, tatu, na aliyebadilisha vitu vitatu kwa siku moja hatajua kipi kilisaidia.

Joto nalo linaingia katikati ya hayo yote. Hapa tangi bila chila, yaani mashine ya kupoza maji, halifiki Juni. Chila ikiharibika, na huharibika siku ambayo nje ni nyuzi 45, wengi hukimbilia barafu. Chupa za maji yaliyogandishwa zinasaidia, feni juu ya maji inasaidia, na pampu ielekezwe juu ili hewa iingie, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Lakini jambo la kwanza ninalolifanya ni kushusha taa, karibu kuizima. Joto hudhoofisha ile mitambo ya usanisinuru, na mwanga uleule uliokuwa salama kwenye nyuzi 26 unakuwa mwingi kwenye 31. Baharini ni vivyo hivyo. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania, visiwa vya Society karibu na Tahiti vilinusurika kwa kiasi kikubwa, na wanasayansi wanadhani ni kwa kuwa mawingu mengi yalitanda siku za joto kali. Hata matumbawe ya Ghuba hii, ambayo yanavumilia kiangazi cha nyuzi 34 na zaidi ambacho kingeua ya kwetu, yalipata kipigo kikubwa mwaka 2017. Siwezi kuwatandazia mawingu wale wa Unguja, na jambo hilo linaniuma kila Machi ninaposoma habari za joto la bahari. Tangini naweza, kwa kitufe kimoja, na mwenye tangi anayekataa kukaa gizani siku mbili namsihi hadi akubali.

Neno kuhusu zoanthus, kwa sababu ndizo za wanaoanza: baadhi yake, hasa jamii ya Palythoa, zina palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani unapokata, osha mikono, na usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lenye zoanthus, kwani mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini katika nchi mbalimbali.

Na kwa ununuzi, matumbawe yenye mifupa yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo yakivuka mpaka lazima yawe na vibali. Napendelea vipande vilivyokatwa kutoka matangi ya watu. Vimekwisha kuzoea LED na maji ya chumvi ya kuchanganya, na havikung'olewa kwenye mwamba wa mtu. Kipande kipya nakiweka chini kabisa, kwenye PAR isiyozidi 100 hata kama ni Acropora, naacha kifungue polipu, kisha kila baada ya siku kumi hivi nakipandisha jiwe moja. Muuzaji muulize mambo mawili kabla hujalipa: kilikuwa kwenye PAR ngapi, na alkalini yake ni ngapi. Asiyeweza kujibu la pili, chukua maji yake kidogo kwenye chupa ukapime mwenyewe nyumbani, kisha ukizoeshe kipande kwa matone ya maji ya tangi lako kabla hujakiingiza.